Lile sanduku la mama mkwe

"Shikamoo mama. Mimi ni mama kijacho, mimba ya kwanza, naishi Mbagala. Natarajia kujifungua mwanzoni mwa mwezi wa tano. Mama mkwe ameniletea sanduku la nguo walizovaa wajukuu zake wakubwa. Ni nzuri, ila zinanuka sana vile vidonge vyeupe vya kabatini. Mume wangu anataka twende Karume tukanunue mtumba. Mama yangu mzazi yuko Makete, ameshaanza kufuma masweta kwa sababu baada ya arobaini nitaenda kukaa kwake. Nimechanganyikiwa. Nichukue nguo gani, ngapi, na nizitunzeje? Na hilo sanduku, nimwambieje mama mkwe bila kumuudhi?"

Marahaba mwanangu. Nimefanya kazi ya ukunga miaka mingi, sehemu kubwa nikiwa wodi ya watoto wachanga, na swali lako nitalianzia pale ulipolimalizia wewe, kwenye sanduku. Nguo ikiwa kubwa utaikunja mikono, ikipungua utaongeza. Hili la sanduku likikosewa linaweza kumuumiza mtoto ndani ya siku chache tu.

Vidonge hivyo ni naftalini. Vinawekwa kufukuza nondo na mende, na vinafanya kazi kwa kugeuka mvuke polepole. Mvuke huo ndio harufu unayoisikia, na unaingia kwenye nyuzi za nguo ukakaa humo. Mtoto akivishwa, anauvuta puani, na sehemu nyingine inapenya ngozi yake ambayo bado ni nyembamba, hasa ikiwa imepakwa mafuta. Watoto wengi hutawaona na tatizo lolote. Lakini wapo wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, ambacho kazi yake ni kuzilinda chembe nyekundu za damu. Upungufu huu unarithiwa, unawapata zaidi wavulana, na ni wa kawaida katika maeneo yaliyokaa na malaria vizazi na vizazi, Pwani yetu ikiwemo. Kwa kumtazama mtoto huwezi kujua kama anao.

Mtoto wa namna hiyo akikutana na naftalini, chembe nyekundu zinapasuka kwa wingi. Damu inapungua, na ile rangi ya njano inayobaki, bilirubini, inajaa mwilini kuliko ini lake changa linavyoweza kuitoa. Anageuka manjano. Ikizidi inafika kwenye ubongo, na hapo ndipo tunapopata uziwi, ulemavu wa viungo, hata kifo. Umoja wa Ulaya uliviondoa vidonge hivi sokoni mwaka 2008. Huku kwetu bado vinauzwa kwenye foleni za magari, vikiwa vimefungwa vizuri kwenye vipakiti vya rangi.

Nilimpokea mtoto wa siku nne aliyeletwa kwa sababu hataki kunyonya. Alikuwa amevishwa kwa upendo mkubwa, suti nyeupe, kofia yake, shali juu yake, na harufu ya kabati ilimtangulia mlangoni. Macho yake yalikuwa ya njano kama manjano yenyewe. Tulimvua kila kitu, akawekwa chini ya taa za buluu, na usiku ule akabadilishwa damu. Alipona. Mama yake alikuwa ananiuliza kila saa, "Sista, nimemfanyia nini mwanangu?" Hakuwa amefanya lolote baya. Hakuna aliyemwambia, basi. Ndiyo maana nakuambia wewe wiki kadhaa kabla.

Kwa hiyo litoe sanduku nje ya chumba chako leo. Vidonge vitupwe chooni, kwenye choo cha shimo, au vifungwe vizuri na kutupwa mbali na watoto, maana vinafanana na peremende na mtoto mdogo anaweza kuvimeza. Nguo zianikwe juani na kwenye upepo siku kadhaa, zifuliwe, zianikwe tena, na zoezi lirudiwe mpaka mtu ambaye hakai humo ndani azinuse asisikie kitu. Usijiamini wewe, pua yako imeshaizoea. Mablanketi mazito na vitu vya sufu vinashika harufu muda mrefu sana, hivyo viache kabisa. Na ningekuwa wewe, mwezi wa kwanza nisingemvisha hata nguo moja ya sanduku lile. Chungulia pia kabati lenu: kama kanga na mashuka yako mwenyewe yamekaa na naftalini, mtoto atalala humo humo, na yote niliyosema yatakuwa bure.

Mama mkwe usimwambie kwamba ameleta sumu. Hizo nguo amezitunza miaka kwa ajili ya damu yake. Mshukuru, mwambie muuguzi amekataza dawa ya kabatini kwa watoto wachanga, na umuombe yeye mwenyewe asimamie kazi ya kuanika. Kisha mwambie akuchagulie moja, ile aipendayo kuliko zote, ya kumtolea mtoto nje siku ya arobaini. Kufikia siku hiyo itakuwa imepigwa jua na kufuliwa vya kutosha. Wakwe wengi niliowaona wanachotaka ni kuwa na nafasi, na nafasi hiyo ni halali yao.

Kwa kuwa upo Pwani, huenda mtu akataka kuzifukiza nguo za mtoto kwa udi. Najua utamu wa ile harufu, na mzazi afukizwe akipenda. Nguo za mtoto hapana. Njia yake ya hewa ni nyembamba sana na moshi unamkereketa. Nguo ya mtoto mchanga inatakiwa inuke jua, na jua halina harufu.

Mume wako kuhusu mtumba yuko sahihi, na wala usione haya. Mtumba wa watoto mara nyingi ni pamba nzuri iliyolainika kwa kufuliwa, na rangi iliyokuwa ya kuchuja imeshachuja. Nguo mpya za bei nafuu ndizo mara nyingi zimechanganywa na nailoni nyingi, na kwa joto la Mbagala mtoto atatoka harara shingoni na mgongoni ndani ya siku mbili. Mkiwa Karume ipitishe nguo shavuni, siyo mkononi. Viganja vyetu vimekomaa, shavu ndilo linalokwambia ukweli. Igeuze ndani nje utazame mishono, maana humo ndimo inamokwaruza. Vuta kila kifungo. Kamba zozote za shingoni kwenye kofia au kwenye koti, zichomoe kabisa kabla hujafika nyumbani. Lebo ngumu ya shingoni ikate kwa mkasi.

Usibabaishwe na namba. Nguo nyingi zinazotoka Ulaya zinaandikwa urefu wa mtoto kwa sentimita: 50, 56, 62. Mtoto aliyetimiza miezi yake kwa kawaida huzaliwa akiwa na urefu wa karibu sentimita 50, hivyo 56 itamfaa tangu mwanzo na kumfikisha mwezi mmoja au zaidi. Chukua chache za 56 na nyingi za 62. Mtoto anapungua kidogo siku za kwanza, kisha akishika ziwa vizuri anaongezeka gramu 20 hadi 30 kwa siku, na zile suti ndogo ulizozinunua kwa furaha hazitamtosha tena hata kabla hujazizoea.

Chagua zinazofunguka mbele, au fulana zile zenye mabega yaliyopishana kama bahasha. Hayo mabega yana kazi mbili. Kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa na shingo haijakaza, hivyo nguo ya tundu dogo utamvisha huku analia na wewe unatetemeka. Na siku choo kitakapopanda mpaka mgongoni, na kitapanda, unaishusha nguo kupitia mabegani kuelekea miguuni bila kumpaka kichwani.

Idadi sasa. Unajifungua mwezi wa tano, masika yakiwa bado hayajaisha, na hilo ndilo linaloamua hesabu. Kiangazi ningekuambia fulana nne zinatosha. Kwa masika tafuta fulana 6 hadi 8, ovaroli nyepesi 5, kofia laini 3, soksi jozi 4 au 5, shali nyepesi 3. Nepi za kitambaa usipungukiwe na 24, kwa sababu mtoto mchanga anaweza kulowesha 10 au zaidi kwa siku na za jana bado zitakuwa kambani zinadondosha maji. Pampasi weka za usiku na za safari. Viatu acha. Glavu nazo hazina kazi kubwa: mtoto anatumia mikono yake kutafuta ziwa, mkato mdogo wa kucha unatosha. Kanga zako kuukuu zilizolainika, zile unazoona aibu kutokea nazo, kata mbili tatu ziwe nepi na nyingine zibaki nzima. Hakuna duka litakalokuuzia kitambaa kizuri kuliko kanga iliyofuliwa miaka mitano. Kanga mpya hainyonyi maji mpaka wanga wake utoke, hivyo kama umenunua doti mpya kwa ajili ya leba, zifue mara tatu kwanza.

Hapo leba ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Mtoto anatoka ameloa, na yale maji yanapokauka mwilini yanaondoka na joto lake. Hawezi kutetemeka kama sisi ili apate joto. Kwa hiyo weka kanga mbili laini, safi na kavu kwenye mfuko wa peke yake, juu kabisa ya begi lako. Ya kwanza ni ya kumkaushia, na ikishalowa inatupwa pembeni hapo hapo. Ya pili ni ya kumfunika akiwa amelala kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, na kofia kichwani. Mara nyingi nimeona mtoto anafutwa kwa kanga na kisha anafungwa kwa kanga ile ile iliyoloa, na baada ya nusu saa miguu ni barafu. Kofia na soksi ziwe kwenye mfuko huo huo. Muuguzi wa zamu asitafute kofia chini ya chupa ya chai. Kuoga kunaweza kusubiri saa 24, wala usimruhusu bibi yeyote akuharakishe.

Akizaliwa mdogo, chini ya kilo 2.5, nguo nzuri hazitamsaidia kama kifua chako. Huyo atavaa nepi, kofia na soksi tu, atafungwa kifuani kwako kwa kanga, na wauguzi watakuonyesha jinsi ya kumbeba kwa njia ya kangaruu.

Kufua siyo kugumu. Sabuni ya mche ya kawaida inatosha. Unga wa sabuni wenye manukato makali na zile dawa za kulainisha nguo ziache, zinabaki kwenye kitambaa na kumuwasha. Suuza maji matatu, na kama maji ya tatu bado yana povu, ongeza la nne. Nepi yenye choo anza na maji baridi, kwa sababu maji ya moto yanalipikia doa ndani ya nyuzi. Kile choo cheusi cha siku za mwanzo kinanata kama lami. Ukimpaka mafuta ya mgando matakoni kabla, utamfuta kwa urahisi. Doa la njano la mtoto anayenyonya, hata lisipotoka kwa sabuni, lianike juani likiwa na unyevu na litafifia lenyewe. Nguo zote, za mtumba na za dukani, zifuliwe kabla hajazivaa.

Kazi ni kukausha, na kwenye masika hapa ndipo akina mama wengi wanapochoka. Usianike kwenye majani, wala kwenye michongoma, wala chini ya mwembe. Yupo nzi mmoja, jina lake la kitaalamu ni Cordylobia anthropophaga, anayetaga mayai kwenye mchanga wenye kivuli na kwenye nguo mbichi, hasa zenye harufu ya mkojo au jasho. Yai linaanguliwa, kifunza kinasubiri kwenye nguo, mtoto akivishwa kinapenya ngozini bila yeye kulia. Baada ya siku chache unaona kitu kama jipu lenye kitundu katikati, na ndani yake kuna kitu kinacheza. Nimewatoa kwenye matako na migongo ya watoto, wengine zaidi ya kumi kwa mtoto mmoja, na mama anaapa kwamba anafua kila siku. Ni kweli alikuwa anafua. Alianika vibaya na hakupiga pasi.

Basi anika kwenye kamba iliyo juu, juani. Mvua ikikuzidi, funga kamba ndani karibu na dirisha au feni. Kisha kila nguo ipigwe pasi ya moto, ndani na nje, ukikandamiza kwenye mishono, maana yai hujificha humo. Pasi ya mkaa ni nzuri kama ya umeme, angalia majivu tu. Umeme ukikatika na huna mkaa, nguo iliyokauka nje usiivalishe kabla ya wiki mbili. Ukivuka hizo, kifunza huwa kimekufa. Na nguo yenye ubichi, hata kidogo, asivae. Inampa baridi, na mapajani inamletea fangasi.

Zikishakauka zitunze kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana au begi la plastiki lisilo na tundu. Mende hataingia, na hutahitaji dawa ya aina yoyote. Kafuri nayo usiweke.

Nepi za kitambaa zina faida moja zaidi wiki ya kwanza: zinakusemea. Kuanzia siku ya tano mtoto anayeshiba anakulowesha nepi 6 au zaidi kwa saa 24. Siku mbili za mwanzo unaweza kuona doa la rangi ya tofali. Ni chumvi za mkojo, usiogope. Likiendelea kuonekana siku ya nne na ya tano, maziwa hayamtoshi, nenda kliniki wakuangalie jinsi unavyomshikisha ziwa. Nepi ikunjwe chini ya kitovu, kitovu kibaki nje, kikavu.

Kuhusu joto: usimpime kwa viganja wala nyayo. Hizo zinaweza kuwa za baridi hata rangi ikawa na ubuluu, na yeye yuko salama. Ingiza vidole viwili nyuma ya shingo au juu ya tumbo. Pakiwa na vuguvugu na pakavu, ndivyo inavyotakiwa. Pakiwa na jasho, mvue nguo moja. Joto lake sahihi ni kati ya 36.5 na 37.5. Mvishe nguo moja zaidi ya wewe ulivyovaa, basi. Mbagala mchana wa mwezi wa tano, fulana na nepi na kanga nyepesi vinatosha, na akilala ndani mvue kofia, alale chali, kitu chochote kisimguse usoni. Ukimpunguzia nguo, ukapima tena baada ya nusu saa bado ni moto, au hataki kunyonya, hilo siyo suala la nguo tena. Mpeleke hospitali. Vilevile akiwa manjano mpaka viganjani na nyayoni, usisubiri asubuhi.

Ukimviringisha kwenye shali, kifua kiwe kimekaa vizuri lakini miguu iwe na nafasi ya kujikunja kama chura. Kuinyoosha na kuibana kwa nguvu "ili inyooke" kunaumiza nyonga. Kama ukoo wenu una uzi au hirizi ya kumvisha mtoto, sitaingilia imani ya mtu, ila shingoni nakukatalia kabisa. Inakaba.

Sasa Makete. Utafika katikati ya mwezi wa sita, baridi ikiwa imeanza kuuma, na usiku kule Kitulo umande unaganda. Masweta ya mama yako ni zawadi ya kweli, lakini mpigie leo umwambie afume kwa kubana, kwa sababu vitundu vikubwa vinanasa vidole. Soksi za kufuma zigeuzwe ndani nje kila siku ukague nyuzi: uzi mmoja, au unywele wako mmoja, ukijizungusha kwenye kidole cha mguu unakata damu, na mtoto analia usiku kucha bila mtu kujua kwa nini. Sweta lisiguse ngozi. Pamba ndani, sweta juu yake, shali mwisho. Nguo nyembamba tatu zinashika joto kuliko blanketi moja zito, kwa sababu hewa iliyo katikati yake ndiyo inayomhifadhi.

Ndani ya basi utamvisha na kumvua siku nzima. Chalinze mpaka Mikumi atakuwa na fulana na nepi. Ruaha Mbuyuni kuna joto kali, usimfunike hata kidogo kwa kuogopa upepo wa dirisha, hama kiti. Mkishapanda Kitonga mwongeze ovaroli, na kabla ya kushuka Makambako, penye ule upepo, awe na sweta, kofia na soksi mbili.

Na jiko la mkaa lisilale chumbani mwenu kule, hata kama kila mtu anasema ndivyo mlivyolelewa. Hewa yake haina harufu na inaua watu usingizini. Mnapoamka kunyonyesha mkae naye kifuani, wewe na yeye chini ya blanketi moja, na akisinzia mrudishe pembeni yako na shali zake. Mama yako akikuuliza afume nini kingine, mwambie kofia. Kule moja hulowa kwa maziwa, nyingine iko kambani, na ya tatu inatafutwa.